Kanisa la Mtakatifu Maria, Fairford: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo hurudiwa na watu wanaolisikia kanisa hili kwa mara ya kwanza, na pia na wale ambao wamekwisha kulizuru lakini wakatoka wakiwa na mambo ambayo hawakuyaelewa. Yamepangwa kuanzia yale ya msingi hadi yale ya pembeni. Pale jibu linapogusa jambo lililoelezwa kwingine, msomaji anaelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

Kanisa hili liko wapi, na kwa nini linajulikana sana?

Liko katika mji mdogo wa Fairford, kaunti ya Gloucestershire, kusini-magharibi mwa Uingereza, kando ya mto Coln na pembezoni mwa vilima vya Cotswold. Sababu ya umaarufu wake ni moja: ndilo kanisa la parokia nchini humo ambalo madirisha yake yote 28 bado yamebeba vioo vya rangi vilivyowekwa mwishoni mwa Zama za Kati, vikiwa katika mpangilio uliokusudiwa tangu mwanzo. Makanisa mengine yana dirisha moja zuri hapa, mabaki ya kichwa cha malaika pale, lakini seti nzima ya aina hii haipo katika kanisa lingine lolote la parokia la Uingereza.

Jengo lenyewe, hata lingekuwa na vioo vyeupe vitupu, lingestahili safari. Kosa la wageni wengi ni kuangalia madirisha kana kwamba ni picha zilizotundikwa ukutani, kisha kulisahau jengo. Ukuta na dirisha vilibuniwa kwa pamoja, na mahali kila dirisha lilipo ni sehemu ya maana yake. Hoja hii itajitokeza mara kadhaa hapa chini.

Kanisa la parokia lina tofauti gani na kanisa kuu?

Kanisa kuu ndimo kilimo kiti cha askofu, na huhudumia dayosisi nzima. Kanisa la parokia huhudumia eneo dogo lenye mipaka, yaani mji au kijiji, chini ya kasisi wake. Katika Uingereza ya Zama za Kati kila mtu alikuwa wa parokia fulani: alibatizwa humo, alilipa zaka humo na akazikwa katika uwanja wake.

Jambo moja la kisheria linasaidia kulielewa jengo. Kwa desturi, sehemu ya mashariki yenye madhabahu ilikuwa mzigo wa mwenye haki ya kupokea zaka kuu, na sehemu ya waumini ilikuwa mzigo wa wanaparokia wenyewe. Huko Fairford mwenye haki hiyo alikuwa abasia, yaani nyumba ya watawa, ya Tewkesbury, mpaka abasia ilipofungwa wakati wa Henry VIII na mali hiyo ikahamia kwa kanisa kuu la Gloucester. Ndiyo maana katika makanisa mengi utakuta nusu moja imejengwa kifahari na nyingine imeachwa ilivyo. Fairford ni tofauti, kwani karibu lote lilijengwa upya kwa mkupuo mmoja.

Nani alilijenga, na lini?

Mjenzi mkuu, kwa maana ya mtoa fedha, alikuwa John Tame, mfanyabiashara wa sufu na vitambaa. Alibomoa sehemu kubwa ya kanisa la zamani na kuanza kujenga jipya katika miaka ya mwisho ya karne ya 15. Kanisa liliwekwa wakfu mwaka 1497, naye akafariki mwaka 1500. Mwanawe, Sir Edmund Tame, ndiye aliyemalizia kazi, hasa vioo, ambavyo kwa kawaida hukadiriwa kuwa vilitengenezwa kati ya mwaka 1500 na 1517.

John Leland, aliyezunguka Uingereza akiandika habari za miji katika enzi ya Henry VIII, alieleza kwamba John ndiye aliyeanza kanisa na Edmund ndiye aliyelikamilisha, na kwamba Fairford haikuwahi kustawi kabla ya akina Tame kufika. Ni ushuhuda mzuri, kwa kuwa aliandika wakati watu walioona ujenzi kwa macho yao walikuwa bado hai.

Sufu iliwezaje kulipia jengo kama hili, na kwa nini mfanyabiashara atumie fedha zake hivyo?

Kondoo wa Cotswold walikuwa na manyoya marefu yaliyotafutwa na wafumaji wa Flanders na Italia, na kwa karne kadhaa sufu ndiyo iliyokuwa bidhaa kuu ambayo Uingereza ililiuzia bara la Ulaya. Kufikia wakati wa Tame, faida ilikuwa imeanza kuhama kutoka sufu ghafi kwenda kwenye vitambaa vilivyofumwa nchini, naye alikuwa na mkono katika biashara zote mbili. Makanisa ya jirani ya Northleach, Cirencester na Chipping Campden yalinufaika na fedha za aina hiyohiyo. Huko Northleach, mabamba ya shaba juu ya makaburi yanawaonyesha wafanyabiashara wakiwa wamekanyaga kondoo na magunia ya sufu, bila kuona haya hata kidogo kuhusu chanzo cha utajiri wao.

Ama sababu ya kutoa, ilikuwa ya dini na ya heshima kwa wakati mmoja. Watu wa zama hizo waliamini kwamba roho ya marehemu hupitia mateso ya toharani, na kwamba misa na sala za walio hai huyapunguza. Aliyejenga kanisa alijihakikishia kwamba kizazi baada ya kizazi kingemwombea. Wakati huohuo alionyesha mji mzima nani mwenye uwezo, na sioni sababu ya kudhani kwamba nia hizo mbili zilipingana moyoni mwake.

## Jengo lenyewe

Ni mtindo gani wa ujenzi?

Ni Gothiki ya mwisho ya Kiingereza, inayoitwa mtindo wa Perpendikula, ambao ulitawala tangu katikati ya karne ya 14 hadi karibu mwaka 1540 na haukuenea nje ya Visiwa vya Uingereza. Alama yake ni mistari ya wima: miimo membamba ya mawe inayogawanya dirisha hupanda moja kwa moja mpaka ikagusa tao la juu, badala ya kujipinda kama majani na miali ya moto ilivyofanya katika mtindo uliotangulia. Matao yenyewe ni mapana na yamebonyea, paa la mbao lina mteremko mdogo, na kingo za juu zimekatwa meno kama za ngome.

Jambo la msingi ni kwamba mafundi walikuwa wamejifunza kuhamishia uzito wa paa kwenye nguzo za ndani na kwenye mihimili ya mawe inayoegemeza ukuta kwa nje. Ukuta ulio kati ya mihimili hiyo ukawa haubebi kitu kikubwa, na ungeweza kutobolewa karibu wote. Bila ufundi huo, Tame hangepata eneo la kutosha kwa vioo alivyovitaka. Jiwe ni la chokaa la Cotswold, lenye rangi ya asali iliyofifia, laini kuchonga linapotoka machimboni na kuwa gumu linapokaa hewani.

Ndani kumegawanywaje?

Ukiingia kwa mlango wa kusini unajikuta katika ukumbi wa waumini, wenye ujia mmoja wa pembeni kila upande, uliotengwa kwa nguzo na matao. Juu ya matao hayo kuna safu ya madirisha madogo yanayoleta mwanga kutoka juu, manne kila upande. Mbele, upande wa mashariki, kuna sehemu ya makasisi na madhabahu kuu. Kushoto kwake, yaani kaskazini, ni kikanisa cha Bikira Maria, na kulia, kusini, ni kikanisa cha Mwili wa Kristo.

Viambaza vya mwaloni vilivyochongwa kwa ustadi hutenga sehemu hizi tatu na ukumbi wa waumini. Vimetobolewa kwa namna ambayo mtu aliyesimama ukumbini aliweza kuona kuhani akiinua hostia, yaani mkate wa misa, bila kuvuka mpaka. Ukitaka kuyaelewa madirisha, kumbuka mpaka huo: yaliyo nyuma ya viambaza yanasimulia maisha ya Maria na Yesu, na yaliyo mbele yake, upande wa waumini, yanahusu imani na hukumu. Maelezo zaidi yako katika swali la madirisha 28 hapa chini.

Kwa nini mnara uko katikati, na si magharibi kama katika makanisa mengi?

Kwa sababu ni urithi wa kanisa lililotangulia. John Tame aliacha sehemu ya chini ya mnara wa zamani isimame, akaongeza sehemu ya juu, kisha akajenga kila kitu kingine kuuzunguka. Matokeo yake ni nguzo nne nene zinazosimama kati ya waumini na madhabahu na kuziba sehemu ya upeo. Mjenzi aliyeanza na kiwanja kitupu hangefanya hivyo. Lakini kwa nje mnara huo wa katikati unalipa jengo uzito na utulivu ambao minara ya magharibi haiuleti, na kwa maoni yangu mabadilishano hayo hayakuwa mabaya.

Vile viti vya kwaya vyenye michongo chini ya kitako vilikuwa vya kazi gani?

Ni viti vya kukunja. Ibada za zamani zilidumu muda mrefu, na makasisi walitakiwa kusimama. Kiti kilipokunjwa juu, kibao kidogo chini yake kilimruhusu mtu kuegemeza makalio huku akionekana amesimama. Mafundi walichonga chini ya vibao hivyo mambo ambayo yasingefaa madhabahuni: wanyama, walevi, ugomvi wa nyumbani. Fairford ina viti 14 vya aina hiyo, na huenda vililetwa kutoka kwingine baada ya nyumba za watawa kufungwa.

Kaburi la John Tame liko wapi?

Liko kati ya madhabahu kuu na kikanisa cha Bikira Maria, upande wa kaskazini, mahali pa heshima ambapo kwa desturi alizikwa mfadhili mkuu. Juu ya meza ya jiwe kuna mabamba ya shaba yanayomwonyesha Tame akiwa amevaa deraya, pamoja na mkewe Alice. Deraya hiyo isikupoteze. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara, lakini fedha za sufu zilikwisha kumpandisha daraja, na picha ya kaburini ilipaswa kuonyesha alipofika, si alipotoka.

## Vioo vya rangi

Madirisha 28 yanasimulia nini, na yasomwe kwa utaratibu gani?

Anza nyuma ya kiambaza, upande wa kaskazini, karibu na kikanisa cha Bikira Maria. Dirisha la kwanza lina picha nne kutoka Agano la Kale: Hawa akijaribiwa, Musa mbele ya kijiti kinachowaka moto bila kuteketea, Gideoni na ngozi yake ya kondoo iliyolowa umande, na Malkia wa Sheba mbele ya Sulemani. Mtu asiyejua desturi ya zamani atadhani zimechaguliwa ovyo. Kumbe zote zilisomwa kama dalili za mambo yajayo: Hawa ni kinyume cha Maria, kijiti na ngozi ni ishara za Bikira kuchukua mimba, na ziara ya Malkia ni kivuli cha ziara ya mamajusi.

Kutoka hapo hadithi inaelekea mashariki. Dirisha la pili lina wazazi wa Maria, kuzaliwa kwake na ndoa yake na Yosefu. La tatu lina kupashwa habari, kuzaliwa kwa Yesu, mamajusi na kupelekwa hekaluni. Dirisha kuu la mashariki, juu ya madhabahu, lina mateso: chini ni kuingia Yerusalemu, Gethsemane, Pilato, mijeledi na njia ya msalaba, na juu, likienea kwa upana wote, ni tukio la kusulubiwa. Kisha hadithi inavuka kwenda kusini: kushushwa msalabani, kuzikwa, kushuka kuzimuni, ufufuo, njia ya Emau, Tomaso mwenye shaka, kupaa na Pentekoste.

Ukishavuka kiambaza na kurudi ukumbini, hadithi inakoma na mafundisho yanaanza. Upande wa kusini wamesimama mitume 12, kila mmoja na utepe wenye kifungu cha Kanuni ya Imani, kwa kuwa mapokeo yalisema kila mtume alichangia kifungu chake. Mkabala nao, kaskazini, wako manabii 12 wakiwa na maneno ya unabii. Kisha walimu wanne wa Kanisa la Magharibi, Jerome, Gregory, Ambrose na Augustine, wanatazamana na Wainjili wanne. Ukinyoosha mstari kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, unakatiza juu ya vichwa vya waumini, ambao wamewekwa, bila kuambiwa, katikati ya mazungumzo hayo.

Mwisho ni ukuta wa magharibi, ambao una swali lake hapa chini.

Kwa nini watu wabaya wamewekwa juu, upande wa kaskazini?

Katika safu ya madirisha ya juu, kaskazini wako watesi 12 wa Kanisa, miongoni mwao Herode, Kayafa na Yuda, na juu ya vichwa vyao wamejaa mashetani wadogo. Kusini, wakiwatazama, wako mashahidi na watetezi 12 wa imani, nao juu yao wana malaika. Katika nchi iliyo mbali kaskazini mwa ikweta, ukuta wa kaskazini haupati jua moja kwa moja kwa sehemu kubwa ya mwaka, hivyo upande huo ulihusishwa na baridi na giza. Mbunifu aliutumia mwanga wenyewe kama sehemu ya hoja: watakatifu wanawaka, watesi wamebaki kwenye kivuli. Msomaji aliyeko Mombasa au Dar es Salaam, ambako jua hubadilisha upande katika mwaka, itambidi alifikirie hili kidogo.

Dirisha la magharibi linaonyesha nini hasa?

Hukumu ya Mwisho. Lina sehemu saba za wima na ndilo kubwa kuliko yote. Juu ameketi Kristo juu ya upinde wa mvua, amezungukwa na watakatifu. Chini, katikati, malaika mkuu Mikaeli ameshika mizani anapima roho. Mkono wake wa kuume, ambao ni kushoto kwa mtazamaji, Petro mwenye ufunguo anawapokea waliookolewa, waliovikwa weupe na dhahabu. Upande wa pili ni jehanamu iliyochorwa kwa wekundu mkali na buluu nzito, na pembeni kabisa anaonekana Shetani mwenye uso wa samaki na meno wazi. Mashetani wanawakokota watu kwa namna inayochekesha na kutisha kwa pamoja, na nadhani fundi alilifurahia eneo hilo kuliko mbingu yake.

Kulia na kushoto kwa dirisha hilo kuna hukumu mbili za Agano la Kale: Sulemani na wale wanawake wawili waliogombea mtoto, na Daudi akimhukumu Mwamaleki aliyedai kumuua Sauli. Kwa hiyo kila aliyegeuka kwenda nyumbani baada ya ibada alitembea akiukabili ukuta wa mahakama.

Mbona picha mbili ziko nje ya mpangilio?

Swali hili huulizwa na watu makini. Katika dirisha la mashariki la kikanisa cha Bikira Maria, kati ya kukimbilia Misri na Yesu kijana akiwa na walimu hekaluni, kuna kupalizwa Maria mbinguni, tukio linalodaiwa kutokea miaka mingi baadaye. Kusini, kati ya Kristo kumtokea mama yake na wanawake kaburini, kuna kugeuka sura, tukio lililotangulia mateso.

Si kosa la kupanga vipande. Madirisha hayo mawili yako juu ya madhabahu za pembeni, na picha ya katikati ilipaswa kuheshimu madhabahu iliyo chini yake, hata kama mfululizo wa hadithi ungevunjika. Sikukuu ya kugeuka sura, zaidi ya hayo, ilikuwa imeenezwa kwa Kanisa zima la Magharibi na Papa Callixtus III mwaka 1457 tu, kwa hiyo mnamo mwaka 1500 ilikuwa bado na ladha ya upya. Tukio la Kristo kumtokea mama yake halimo katika Injili. Lilitoka katika mapokeo na vitabu vya ibada.

Vioo hivi vilitengenezwaje?

Vioo vyenye rangi viliagizwa kutoka bara, kwa kuwa Uingereza wakati huo haikutengeneza vioo bora vya aina hiyo. Rangi ilikuwa ndani ya kioo chenyewe: kobalti ilitoa buluu, shaba ilitoa wekundu. Kioo chekundu kikiwa kinene huonekana cheusi, hivyo mafundi walipaka tabaka jembamba la wekundu juu ya kioo cheupe. Vipande vilikatwa kufuata mchoro, vikachorwa kwa wino wa kahawia uliotengenezwa kwa oksidi ya chuma au shaba na unga wa kioo, vikachomwa katika tanuri, kisha vikaunganishwa kwa vijiti vya risasi vyenye mifereji pande zote mbili.

Sogelea uso wa mtu yeyote katika madirisha ya chini uone. Uso, nywele na kofia mara nyingi ni kipande kimoja cha kioo cheupe, bila risasi kupita kati. Kivuli cha shavu kimepatikana kwa kupaka wino mwepesi na kuuondoa kwa brashi kavu, mpaka ukabaki kama vumbi. Nywele za manjano zimepatikana kwa kupaka mchanganyiko wa fedha upande wa nje na kuuchoma, ambapo fedha huingia ndani ya kioo na kukigeuza rangi kuanzia ya ndimu hadi ya chungwa. Mbinu hiyo ilikuwa na takriban miaka 200 wakati huo, lakini kwa ustadi wa kiwango hiki ni mafundi wachache waliiweza.

Nani aliyevitengeneza? Je, ni kweli kwamba ni kazi ya Albrecht Dürer?

Dai la Dürer lilizua mabishano makali katika karne ya 19, na leo halina watetezi. Lililo kweli ndani yake ni kwamba mtindo si wa Kiingereza: sura, mikunjo ya mavazi na mandhari ya nyuma ni za Nchi za Chini, yaani Flanders na Uholanzi ya leo.

Wataalamu wengi wanavihusisha vioo hivi na kikundi cha mafundi kilichoongozwa na Barnard Flower, mhamiaji kutoka bara aliyekuwa fundi vioo wa mfalme chini ya Henry VII na Henry VIII, na ambaye alianza madirisha ya King's College huko Cambridge kabla ya kufariki mwaka 1517. Wahamiaji kama yeye walifanya kazi Southwark, ng'ambo ya mto kutoka London, ambako chama cha mafundi wa jiji hakikuwa na mamlaka juu yao. Hakuna mkataba uliopatikana, hivyo hoja inategemea mtindo na mazingira: ardhi ya Fairford ilikuwa mali ya mfalme, na akina Tame walikuwa karibu na watu wake.

Nimesikia kwamba Tame aliteka meli iliyobeba vioo kwenda Roma, kisha akajenga kanisa la kuvitosha. Je, ni kweli?

Hapana. Ni hadithi tamu, na imesimuliwa kwa vizazi, lakini jengo lenyewe linaikana. Vioo vinalingana na kila tao na kila kipenyo, na, kama ilivyoelezwa juu, maudhui yanafuata viambaza, madhabahu na pande za dunia za kanisa hilihili. Shehena iliyokusudiwa kanisa lingine haiwezi kuangukia mahali pake namna hiyo.

Je, madirisha yalikuwa Biblia ya wasiojua kusoma?

Kauli hiyo husemwa sana, nami naiona kuwa nusu ya ukweli. Mtu asiyejua kusoma aliweza kuitambua hori, msalaba au mizani ya Mikaeli. Lakini tepe za mitume zimeandikwa Kilatini, watesi wa juu hawaonekani vizuri kutoka sakafuni, na uhusiano wa Gideoni na Bikira Maria hakuna aliyeweza kuukisia bila kufundishwa kwanza. Madirisha yalikumbusha yale yaliyokwisha kuhubiriwa. Sehemu nyingine ya kazi yake haikuwa mafundisho kabisa, bali utukufu: yalitolewa kwa Mungu, aonaye hata palipo juu.

## Jinsi vioo vilivyonusurika

Kwa nini havikuvunjwa wakati wa Matengenezo ya Kanisa, Uingereza ilipojitenga na Roma katika karne ya 16?

Amri za Edward VI za mwaka 1547 zilitaka picha zilizohusishwa na ushirikina ziondolewe, hata zile za madirishani, na mwaka huohuo vikanisa vya kuombea wafu vilivunjwa kisheria. Katika parokia nyingi sanamu na michoro ya ukutani ilitoweka upesi. Dirisha lilikuwa na kinga ya kawaida sana: ukilivunja, mvua inaingia, na kioo kipya ni ghali. Elizabeth I, katika maagizo yake ya mwaka 1559, alisisitiza kwamba kuta na vioo vya madirisha vihifadhiwe. Kwa Fairford ongeza kwamba ukoo wa mfadhili ulikuwa bado una nguvu mjini.

Na wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe?

Hapo hatari ilikuwa kubwa zaidi. Bunge lilipitisha amri dhidi ya picha za kidini mwaka 1643 na 1644, na katika kaunti za mashariki William Dowsing alizunguka kanisa hadi kanisa akisimamia uvunjaji. Mapigano yalifika Cirencester, umbali mfupi kutoka Fairford. Simulizi ya mji inasema kwamba William Oldisworth, aliyekuwa na haki ya zaka za parokia, aliamuru vioo vishushwe na kufichwa. Wengine husema vilipakwa chokaa. Ni simulizi, na lichukuliwe hivyo.

Ni uharibifu gani mkubwa uliotokea baadaye?

Dhoruba kubwa ya Novemba 1703, iliyoipiga Uingereza ya kusini nzima, ilivunja sehemu za ukuta wa magharibi, ambao ndio uliokabili upepo. Hukumu za Daudi na Sulemani ziliumia hasa.

Pigo la pili lilitoka kwa watu waliokusudia mema. Katika miaka ya 1860, sehemu ya juu ya Hukumu ya Mwisho ilipelekwa kwa kampuni ya Chance Brothers kutengenezwa, na badala ya vioo vya kale kutiwa viraka, vilibadilishwa kwa nakala mpya. Kwa hiyo mbingu unayoiona leo katika dirisha hilo ni ya enzi ya Victoria, ilhali jehanamu chini yake ni ya Zama za Kati. Kwa watu wanaothamini vitu vya asili, hili linaumiza kuliko dhoruba.

Vioo vilitunzwaje katika karne ya 20?

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipoanza, vyote vilitolewa na kuhifadhiwa katika vyumba vya chini vya jumba la Fairford Park. Tahadhari hiyo ilikuwa ya maana, kwani mwaka 1944 uwanja wa ndege za kijeshi ulijengwa jirani, uleule ambao baadaye ulitumika kwa majaribio ya Concorde, ndege ya abiria iliyokwenda kasi kuliko sauti. Baada ya vita vilirudishwa. Kuanzia miaka ya 1980 hadi mwaka 2010, karakana ya Barley Studio ya York ilifanya kazi ya dirisha moja baada ya jingine: kusafisha, kuunganisha nyufa, kuondoa risasi za ziada zilizowekwa na mafundi wa awali, na kuweka kioo cha kinga kwa nje ili unyevu na mvua visiguse kioo cha kale.

Nikiwa ndani, nitatofautishaje kioo cha kale na cha karne ya 19?

Kipya kimenyooka mno. Kioo cha kale kina unene usio sawa, viputo na mikwaruzo, na mwanga ukipita humo hutetemeka kidogo mtazamaji anaposogea. Upande wake wa nje una vishimo vilivyoliwa na hali ya hewa, ambavyo kwa ndani huonekana kama madoa meusi. Simama mbele ya dirisha la magharibi ulinganishe buluu ya juu na buluu ya chini. Mchana wenye mawingu unafaa zaidi, kwa sababu jua kali la jioni hufunika tofauti hiyo.

## Maswali ya pembeni

Je, bado ni kanisa, au limekuwa makumbusho?

Ni kanisa la parokia la Kianglikana lenye ibada za kila wiki, ubatizo, ndoa na mazishi. Mgeni anayefika wakati wa ibada anatarajiwa kukaa kitini kama waumini wengine, au kusubiri nje.

Ni kweli kuna paka aliyezikwa hapo?

Ndiyo. Karibu na mlango kuna sanamu ndogo ya jiwe ya paka aliyejikunja, yenye jina Tiddles, paka wa kanisa, na miaka 1963 hadi 1980. Wageni wengine humkumbuka huyo kuliko manabii wote 12.

Je, Fairford ina uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Wa moja kwa moja, hapana. Upo wa kupitia mtu mmoja. John Keble, kasisi na mshairi, alizaliwa Fairford mwaka 1792, na mahubiri yake ya mwaka 1833 huko Oxford huhesabiwa kuwa mwanzo wa Vuguvugu la Oxford, lililotaka Kanisa la Anglikana lirejeshe heshima ya sakramenti, mavazi ya ibada na uzuri wa madhabahu. Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyotokana na wito alioutoa David Livingstone huko Cambridge mwaka 1857, ilikulia katika mkondo huohuo wa fikra. Ndiyo iliyojenga kanisa kuu la Mkunazini, Zanzibar, mahali palipokuwa na soko la watumwa. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873, na aliyeisimamia kazi hiyo, Askofu Edward Steere, amezikwa nyuma ya madhabahu yake.